"Uko Tayari Kwenda Kolwezi?": Mwongozo Kamili wa Kujibu Maswali ya Zamu, Safari na Namna Unavyopenda Kufanya Kazi

Kijana ameketi mbele ya watu watatu, shati lake limepigwa pasi usiku kabla umeme haujakatika. Anaulizwa kama anaweza zamu ya usiku. Ndiyo. Kuhamia Kolwezi? Ndiyo. Kazi ya Jumapili? Ndiyo. Kuanza kesho? Ndiyo, patron, naweza tumika fasi yote, saa yote. Anatoka nje akiamini amefaulu, maana hakukataa neno hata moja. Kule ndani mmoja wa wale watatu anaandika kando ya jina lake: hajafikiri.

Mimi nimewahi kuwa kijana huyo. Baadaye, kwa miaka sita, nikawa mmoja wa wale wanaoandika kando ya jina, katika kampuni ya usafirishaji hapa Lubumbashi, Kongo, kama kilomita 300 kutoka Kolwezi, mji wa migodi. Siku hizi kila Jumamosi mchana nakaa na vijana wa mtaa wetu wa Katuba wanaojitayarisha kwa mahojiano ya kazi, na karibu wote wanakuja na jibu lile lile la "ndiyo kwa yote". Ninalielewa. Katika mji ambapo watu mia wanagombea nafasi moja, mtu anaogopa kwamba neno "lakini" litamfukuzia bahati. Ila mwajiri naye ana hofu yake. Amelipia vipimo vya daktari, amenunua buti na kofia, amemfundisha mtu kazi kwa mwezi mzima, kisha mtu huyo anatoweka kwa sababu mke hakukubali kuhama au basi la alfajiri halipo. Anapokuuliza kuhusu zamu na safari, anataka kujua kama utabaki, na kama siku ya tatizo utamwambia ukweli mapema. "Ndiyo" isiyo na mwili haimjibu lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo kazi yako kabla ya mahojiano ni kuipa "ndiyo" yako mwili, na kujua "hapana" yako iko wapi.

Hatua ya 1: Lisome tangazo kuanzia chini

Matangazo mengi hapa kwetu yameandikwa kwa Kifaransa, na maneno yanayohusu utayari wako huwekwa mwishoni, baada ya diploma na miaka ya uzoefu. Watu huyaruka. Wewe anzia hapo, chukua kalamu, uyapigie mstari.

«Disponible immédiatement» maana yake kuna pengo sasa hivi, huenda mtu ameondoka ghafla. Utaulizwa tarehe, tena tarehe kamili. «Mobilité» maana yake kampuni ina vituo zaidi ya kimoja. Katika Katanga ya zamani, iliyogawanywa kuwa majimbo manne mwaka 2015, neno hilo mara nyingi linamaanisha Likasi, Fungurume, Kolwezi au mpaka wa Kasumbalesa. «Polyvalent», yaani mtu wa kazi nyingi, ni neno la kuchunguza vizuri: katika ofisi ndogo ni kweli kwamba anayepokea simu ndiye pia anayepanga karatasi na kwenda benki, lakini kwingine neno hilo hutumika kumpa mtu mmoja kazi za watu wawili kwa mshahara mmoja. «Travail en rotation» ni kukaa kambini siku kadhaa mfululizo, kisha kurudi nyumbani siku kadhaa: 14 kwa 7, 28 kwa 14, na mpangilio mwingine kulingana na kampuni. «Travailler sous pression», kufanya kazi ukiwa umebanwa, ni siku za kufunga hesabu za mwezi, au malori yaliyosimama mpakani huku mteja anapiga simu kila baada ya dakika kumi.

Kwa kila neno ulilolipigia mstari, andika pembeni swali moja ambalo wewe ungeuliza kama ungekuwa mwajiri. Utashangaa ni mangapi utakayoulizwa kweli.

Hatua ya 2: Karatasi ya safu tatu, na kikao cha nyumbani

Hii ndiyo hatua inayochukua muda, na ndiyo wengi hawaifanyi. Chukua karatasi, igawe safu tatu: *naweza bila sharti*, *naweza kwa sharti*, *siwezi*. Kisha pitisha mambo matano, moja moja: saa za kazi, mahali pa kazi, aina ya kazi, watu wa kufanya nao kazi, na tarehe ya kuanza.

Usiandike unayotamani. Andika unayoweza. Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi upande wa viwanda, na wewe unakaa Ruashi: basi la kwanza linapita saa ngapi? Ukishuka, unatembea dakika ngapi gizani? Kampuni ina gari la wafanyakazi, nalo linapita barabara gani? Nenda ukaijaribu njia hiyo siku ya kazi, kwa saa ile ile, angalau mara moja, na ukumbuke kwamba kuanzia Novemba mpaka Machi mvua inabadilisha hesabu yote. Nauli ya kwenda na kurudi, zidisha kwa siku za kazi za mwezi. Ukipata namba, unaacha kubahatisha.

Safu ya katikati ndiyo yenye thamani kubwa. "Zamu ya usiku naweza, ikiwa kuna gari la kunirudisha asubuhi." "Likasi naweza, ikiwa nitapewa wiki mbili za kutafuta chumba." "Kolwezi naweza, ikiwa ni kwa mzunguko na siyo kuhamisha familia." Sharti moja lililo wazi linaonyesha kwamba umekaa ukafikiri. Masharti manane yanaonyesha kwamba huitaki kazi. Chagua mawili, matatu kwa wingi.

Sasa kikao. Usiahidi muda ambao ni wa watu wengine kabla hawajakupa. Mimi nilisema ndiyo kwa Kolwezi mbele ya mkuu wa wafanyakazi kabla sijazungumza na mama yangu, na mama ndiye angebaki na mtoto wangu wa miaka miwili. Alinikubalia kwa sababu nilikuwa nimeshasaini; angefanya nini? Alikuwa na shamba lake la mahindi nje ya mji, na miguu yake ilikuwa imeanza kuuma. Wiki ya saba mtoto alilazwa hospitali, nikapanda basi usiku, kama kilomita 300 nikilia, na sikurudi tena. Kampuni ile haikunikosea. Niliwaahidi kitu ambacho hakikuwa changu peke yangu.

Kaa na mume au mke, na mama, na yaya (dada au kaka mkubwa) anayekulea, na yeyote atakayebeba mzigo ukiwa haupo. Waulize mambo ya wazi: nani atampeleka mtoto shule? Nikiwa kambini wiki tatu na mtu akaugua, nani anaamua? Ada ikichelewa, nani anakwenda kuongea na mkuu wa shule? Kikao cha saa moja juu ya bukari (ugali) na sombe (kisamvu) kitakupa majibu ambayo hakuna kitabu kinayo.

Hatua ya 3: Jua sheria imekuwekea nini tayari

Usiingie mahojiano na sheria mkononi kama fimbo. Ingia nayo kichwani, ili usiuze bure kitu ambacho ni haki yako. Sheria ya kazi ya Kongo ni ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016. Mambo machache yanahusu moja kwa moja maswali tunayozungumzia.

Muda wa kawaida wa kazi hauzidi saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Saa zinazozidi hapo zina malipo ya nyongeza. Kwa hiyo ukiulizwa kama unakubali saa za ziada, unaulizwa kuhusu kitu kinacholipwa.

Muda wa kujaribiwa lazima uandikwe, na hauwezi kupita miezi 6. Kwa kibarua asiye na utaalamu, mwezi 1. Ukiambiwa "tutakujaribu mwaka mmoja kwanza", unajua la kuuliza.

Mkataba wa muda maalumu hauwezi kupita miaka 2. Na hapa kuna jambo ambalo watu wachache wanalijua: kama mfanyakazi ana ndoa na ametenganishwa na familia yake kwa sababu ya kazi, muda huo haupiti mwaka 1. Ndivyo ilivyo pia kwa mjane au aliyeachana na mwenzake, ikiwa yuko mbali na watoto anaopaswa kuwalea. Waliotunga sheria walijua kwamba kukaa mbali na nyumba ni mzigo. Kwa nini wewe uone aibu kuutaja?

Mkataba usioandikwa unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na ule ulioandikwa unatakiwa kutaja mahali pa kazi. Tutarudi hapo mwishoni.

Hatua ya 4: Tafuta visa vitatu vya kweli

Mtu yeyote anaweza kusema "mimi ni mwepesi wa kubadilika". Anayeuliza amelisikia neno hilo tangu asubuhi. Anachokumbuka jioni ni kisa.

Vijana wananiambia: "Mama, sijawahi kufanya kazi, nitatoa kisa wapi?" Si kweli kwamba hujawahi kufanya kazi. Umeuza krediti za simu. Umesimamia duka la mjomba. Umepanga viti na chakula cha matanga ya watu mia mbili kwa siku moja. Binti mmoja alikaa nusu saa akiniambia hana la kusema, kisha nikagundua kwamba kila siku aliamka saa kumi usiku kwenda kuchukua mikate, akaigawa kwa wateja wa mama yake, na saa moja na nusu alikuwa darasani. Siku ambayo tanuri lilikosa umeme, yeye ndiye aliyekwenda tanuri lingine, akakopa mikate kwa jina la mama yake, akawapigia simu wateja watatu wakubwa kwamba leo mkate una umbo tofauti. Hicho ni kisa cha kubadilika, cha kufanya kazi peke yake, na cha kutoa habari kabla mteja hajalalamika. Vitatu kwa kimoja.

Kila kisa kisemwe kwa dakika moja na nusu: hali ilikuwaje, *mimi* nilifanya nini, ikatokea nini. Angalia neno "mimi". Sisi tumelelewa kusema "tulifanya", na ni adabu nzuri, lakini anayekuhoji hawaajiri wenzako wote. Sema "kundi letu lilikuwa na watu watano, kazi yangu mimi ilikuwa hii".

Tafuta kisa cha mpango uliobadilika ghafla, kisa cha kufanya kazi na mtu mgumu, na kisa ambapo ulisema "hapana" au "siyo leo" kwa heshima na mambo yakaenda vizuri. Hicho cha tatu ndicho kinachowashangaza waulizaji kuliko vyote.

Hatua ya 5: Maswali yenyewe

*"Unaweza zamu ya usiku, au Jumapili?"*

Umbo la jibu ni hili: ninachoweza, sharti langu, ushahidi. "Ndiyo, naweza zamu ya usiku. Nimeshawahi kulinda ghala usiku kwa miezi minne. Ninaloomba kujua ni kama zamu zinabadilishana kwa wiki au kwa mwezi, ili nijipange na nyumbani." Hapo umekubali, umethibitisha, na umeuliza kama mtu anayepanga kubaki.

Kama siku fulani ni ya ibada kwako, sema mapema, kwa sauti ya kawaida, ukitoa badala yake. Msabato asiyefanya kazi Jumamosi anaweza kusema: "Jumamosi sifanyi kazi kwa sababu ya imani yangu. Jumapili zote nipo, na sikukuu nyingi pia, siku ambazo wengine wengi hawapendi." Nimemwajiri mtu kwa jibu hilo. Yule aliyenyamaza, kisha Jumamosi ya kwanza hakuonekana, hakumaliza mwezi.

*"Uko tayari kuhamia Kolwezi?"*

Swali hili lina maswali matatu ndani yake, nawe una haki ya kuyatenganisha: kuhama moja kwa moja, kwenda kwa mzunguko, au kusafiri mara kwa mara? Uliza kwanza: "Samahani Bwana, ni kuhama na familia au ni kwa mzunguko?" Kisha jibu kutoka kwenye karatasi yako. "Kwa mzunguko niko tayari, tumekwisha kuzungumza nyumbani, mdogo wangu atabaki na watoto. Kuhama kabisa ningeweza baada ya Julai, mwaka wa shule ukiisha." Tarehe ile ya Julai ina uzito kuliko "ndiyo" kumi, kwa sababu inaonyesha kwamba kikao cha nyumbani kilifanyika kweli.

Na kama jibu ni hapana? Sema hapana. "Kwa sasa siwezi kutoka Lubumbashi, namtunza baba yangu mgonjwa. Ndani ya mji niko tayari kwa kituo chochote na zamu yoyote." Unaweza kukosa nafasi hiyo. Lakini jina lako linabaki safi, na katika mji huu wakuu wa wafanyakazi wanajuana na kupigiana simu.

*"Unapenda kufanya kazi peke yako au na wenzako?"*

Hapa watu wanaanguka kwa kusema "vyote viwili sawa". Hakuna mtu ambaye ni sawa sawa. Fikiria kazi unayoomba: mtunza ghala anakaa peke yake na vitabu vyake sehemu kubwa ya siku, mwuguzi hawezi. Sema unakoegemea, kisha onyesha kwamba upande wa pili hukushindi. "Nikihesabu bidhaa napenda utulivu, peke yangu, maana kosa moja linavuruga kila kitu. Nikimaliza, napenda kukaa na wenzangu tulinganishe, kwa sababu jicho la pili linaona nilichokosa."

*"Unapenda mkuu wa namna gani?"*

Usimseme vibaya mkuu wako wa zamani, hata kama ana makosa yote ya dunia. Eleza namna unavyofanya kazi vizuri zaidi: "Napenda mkuu anayeniambia wazi anataka nini na lini, kisha ananiacha nifanye. Nikikwama, nataka niweze kumwendea." Ukweli ni kwamba utapewa kapita (msimamizi) yule aliyepo. Swali lipo ili wajue kama unajifahamu.

*"Tukikupa kazi isiyo yako, utafanyaje?"*

Ndilo swali la «polyvalent». Jibu baya la kwanza ni "haiko kwenye mkataba wangu". Jibu baya la pili ni "nitafanya chochote". Jibu linalosimama: "Siku ya haraka nitasaidia popote ninapoweza bila kuhatarisha mtu. Kazi ambayo sijafundishwa, kama kuendesha mashine, nitaomba nifundishwe kwanza. Na ikiwa jambo la siku moja limekuwa la kila siku, nitamwomba mkuu tuzungumze majukumu yangu upya." Lile neno la mashine siyo mapambo. Katika mji wa migodi na viwanda, mtu anayekubali kugusa mashine asiyoijua ni hatari kwake na kwa wenzake, na mwajiri makini anasikiliza kwa hamu kama utalisema.

*"Mipango inabadilika sana hapa. Unalionaje hilo?"*

Kisa chako cha kwanza kinaingia hapa. Usijibu kwa maoni.

*"Unaweza kuanza lini?"*

Toa tarehe. Kama una kazi nyingine, sema kwamba utatoa taarifa ya kuondoka jinsi sheria inavyotaka. Anayekimbia kazi ya leo bila kuaga atakimbia na ya kesho, na mwuliza swali anajua hivyo.

Hatua ya 6: Maswali ambayo wanawake huulizwa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu binti zangu wa Jumamosi wanarudi na machozi kutokana na maswali haya. "Umeolewa? Mumeo anakubali? Unapanga kuzaa lini?" Mara nyingi huja yakiwa yamevaa nguo ya utayari: "tunataka tu kujua kama utakuwepo".

Kuhusu idhini ya mume: marekebisho ya sheria ya familia ya mwaka 2016 yaliondoa kanuni ya zamani iliyomtaka mke apate idhini ya mumewe. Sasa ni wenzi wote wawili wanaotakiwa kupatana. Kuhusu uzazi: sheria ya kazi inampa mama majuma 14 ya likizo, na inataja kwamba mimba, ndoa na majukumu ya familia si sababu halali za kumfukuza mtu kazi.

Kujua hayo kunakupa utulivu, na utulivu ndio unaojibu vizuri. Hulazimiki kusimulia ndoa yako. Rudisha swali kwenye kazi: "Mama, nadhani mnataka kujua kama nitaweza zamu na safari. Naweza. Nyumbani tumepanga nani anabaki na watoto, na katika kazi yangu iliyopita kwa miaka miwili sikukosa zamu hata moja." Toa ushahidi wa namna hiyo ikiwa ni wa kweli tu. Na kama anayeuliza anasisitiza juu ya mwili wako au kitanda chako, kumbuka na wewe unamhoji. Nimewaambia binti wawili wasiende kuchukua kazi waliyopewa, kwa sababu ya jinsi walivyoulizwa. Sikujuta.

Hatua ya 7: Maswali yako wewe

Mwishoni wanauliza kama una swali. Kuwa nayo mawili yameandikwa. Zamu zinatangazwa siku ngapi kabla? Siku za safari kutoka kambini kurudi nyumbani zinahesabiwa ndani ya mapumziko au nje yake? Hili la mwisho lina uzito: kama mzunguko ni siku 14 kwa 7 na barabara inakula siku nzima kwenda na nyingine kurudi, mtoto wako anakuona siku 5. Usafiri, chumba na chakula ni vya nani? Ukiugua kambini, unapelekwa wapi?

Mshahara usiwe swali lako la kwanza. Lakini zamu na mshahara ni ndugu, na wakikuuliza unataka kiasi gani, ni sawa kusema: "Inategemea kama ni saa za mchana tu au pamoja na usiku. Naomba kwanza nielewe mpangilio."

Hatua ya 8: Mazoezi

Tafuta ukweli wa jibu lako kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha uliyotumia kwenye kikao cha nyumbani. Kisha ulitie kwenye Kifaransa kifupi, sentensi tatu, bila maneno makubwa. Wengi wanafanya kinyume: wanakariri Kifaransa kizuri kutoka kwa rafiki, na swali la pili linapokuja wanazama. Katika kampuni za wageni unaweza kuhojiwa na mtu ambaye Kifaransa chake ni kidogo, maneno yakipita kwa mkalimani. Hapo sentensi fupi ndizo zinazofika.

Mwombe yaya au jirani akuulize maswali kwa kuruka ruka, akukatize, akunyamazie. Kimya ndicho kinachowafanya watu waongeze ahadi ambazo hawakupanga. Fanya mazoezi ya kujibu na kunyamaza. Jirekodi kwa simu, ujisikilize mara moja; inatosha.

Kama mahojiano ni kwa simu na watu wa Kinshasa, kumbuka wao wako nyuma yetu kwa saa moja. Kwetu ikiwa saa nne asubuhi, kwao ni saa tatu. Uliza "ni saa ya Lubumbashi au ya Kinshasa?", na uandikiwe kwa tarakimu, 10h00, maana "saa nne" ya Kiswahili na «quatre heures» ya Kifaransa, ambayo kwetu ni saa kumi, zimeshawakosesha watu kazi. Chaji simu usiku, weka krediti, na tafuta mahali palipotulia ambapo mtandao unashika hata umeme ukikatika.

Hatua ya 9: Baada ya kutoka mlangoni

Kabla hujapanda basi, simama chini ya mti, andika yote uliyokubali na yote waliyosema: zamu, mahali, usafiri, tarehe. Jioni kumbukumbu itakuwa imeshapamba mambo.

Karatasi hiyo ndiyo utakayokwenda nayo siku ya mkataba. Soma kifungu cha mahali pa kazi na cha saa kwa kidole, neno kwa neno. Kama mlizungumza Likasi na mkataba unasema popote kampuni itakapoona inafaa, weka kalamu chini, useme kwa adabu: "Mama, siku ile tulizungumza Likasi. Maneno haya yana maana gani kwangu?" Nimeona waajiri wakiyafuta, wakaandika Likasi kwa mkono, na pande zote mbili zikatia sahihi pembeni. Nimeona pia mmoja aliyekataa kubadilisha hata herufi. Yule binti wa mikate ndiye aliyekuwa mbele yake siku hiyo. Aliomba siku moja akazungumze na mama yake, akapewa siku mbili.